Hesabu ya Gulya

Kwenye daftari la mbio jina lake lilikuwa Deni la Jua.
Mimi saisi nilimwita Gulya,
kwa rangi ya sukari guru mgongoni
na kwa ulimi uliopekua mfuko wangu kila alfajiri.

Damu haidanganyi, alisema Bwana Bilimoria,
akitaja mababu wa farasi kwa vidole
kama mtu anayehesabu nyumba za kupangisha.

Mbio za kwanza, Pune, mvua ya Julai:
lango la chuma likafunguka, pa!
wenzake wakaondoka, yeye akabaki
akimtazama kunguru.
Wa mwisho. Nilimfuta matope masikioni,
akanipumulia shingoni, hana habari.

Za pili, wa sita. Za tatu, wa tano.
Za nne
sikuziona. Nilikuwa nyuma ya uzio, mfupi mimi,
nikasikia tu jina la daftarini likipanda vinywani mwa watu,
deni, deni, deni la jua,
na Dagdu mzima, miaka hamsini, nikalia kama niliyefiwa.

Kisha Mumbai, joto, goti la kushoto.
Barafu ndooni. Usiku nililala bandani
kiganja juu ya goti, nikiusikiliza moto uliomo.
Mara kumi na nne alikimbia, mara moja alishinda.
Bwana Bilimoria akafunga daftari.
Mbio za sakafuni, mnajua wenyewe.

Aliuzwa yeye; mimi nilifuata bure.
Sasa anabeba mabwana harusi huko Hadapsar,
shada la maua ya manjano kichwani,
mgongoni kijana anayetetemeka kuliko yeye,
tarumbeta mbele, wajomba wakicheza, hatua moja kwa robo saa.

Jumapili iliyopita mtoto alilipua fataki.
Pa!
Nikaona masikio yanalala nyuma. Nikajua.
Shika shingo! nikapiga kelele, shika shingo!
Bwana harusi na kilemba chake wakaipita bendi,
wakawapita wajomba, duka la simu, basi la manispaa,
goti la kushoto halina neno,
na mimi nyuma, kandambili mkononi,
nikimwita kwa jina la daftarini, mara yangu ya kwanza.

Tulimkuta mlangoni kwa bibi harusi,
anatafuna shada la mama mkwe.
Kilemba hakipo. Kijana anacheka, hajiamini.

Ujira walitunyima.
Sawa.
Mimi nahesabu: mbio kumi na tano, ushindi mara mbili.