Kipokezi

Minada ya korosho ilikuwa imeanza
Dadi Nandonde alipoingia fremu yangu, Chuno,
rimoti mkononi, imelowa jasho.
"Fundi, gari limenikana."

Gari lilikuwa uani kwake, Ligula,
miaka miwili chini ya turubai,
kuku wa mkewe wakitagia nyuma ya tairi.
Mlango tuliufungua kwa chuma, kizamani.
Ndani, harufu ya sponji na panya.
Betri imekufa.

"Na halikuwashwa hata siku moja," akasema Somoe
bila kuacha kupepeta mbaazi.

Nikalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni,
nikaichomoa ile sakiti, nikamwonyesha:
chipu nyeusi, bapa, haifiki punje aliyoishika.
Hii hailali, mama.
Injini ikizimwa, redio ikinyamaza,
yenyewe inaramba betri, tone kwa tone,
inasikiliza.
Inasikia geti la benki,
inasikia kengele za wizi za bodaboda,
mashine ya kuchomelea ya jirani ikikohoa,
yote inayaacha yapite
kama mtu mzima apishavyo matusi ya mlevi.
Inangoja neno moja.

Betri hii haikufa kwa kazi, nikasema.
Imekufa kwa kusikiliza.

Ungo ulisimama kidogo.
Kisha ukaendelea.

Nikafunga betri mpya. Dadi akabonyeza.
Kimya.
Akabonyeza tena, na tena,
kama apigaye hodi nyumba anayojua ina watu.

Huko ulikokuwa, ulikuwa ukiibonyeza?

Alicheka kwanza.
"Nampula, kwenye ghala la mbao. Usiku.
Kile kijitaa chekundu kikiwaka
najiona nimefika hapa uani."
Mara ngapi?
"Nani ahesabu?"

Inahesabu yenyewe.
Ufunguo unahesabu, na chipu inahesabu.
Kila ukibonyeza, neno la jana linakufa,
linazaliwa jingine,
ili mwizi aliyelidaka hewani abaki na ganda.
Ukitangulia hatua chache, chipu itakukimbilia.
Ukitangulia mno
sauti ni yako, jina ni lako,
hesabu si ya nyumba hii.

"Simu ungebonyeza," akasema Somoe, kwa mbaazi.

Dawa ipo. Washa, zima, washa, zima,
funga mlango, ufungue,
bonyeza mara mbili mfululizo,
mpaka chipu iache ubishi
ikubali kuanzia pale ulipofika wewe.
Tulikosea mara mbili. Ya tatu,
vitasa vinne vikaitika pamoja: ka!
Taa za pembeni zikapepesa,
kuku wakatawanyika na makelele yao.

Dadi aligeuka, meno yote nje,
kumtafuta mkewe.

Somoe alikuwa amekwisha simama,
anakung'uta makapi kwenye kanga.
"Vizuri," akasema.
"Na betri iliyokufa, nani anailipa?"

"Mimi, si mimi!" Akatoa pochi,
akahesabu noti juu ya boneti,
akaongeza elfu tano ya soda.
Bei aliielewa.

Betri kuukuu niliifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira.
Mlima wa Ligula nilishuka nikiukokota,
breki zote mbili nimezikamata.
Kitu kitupu kile,
na uzito wake.