Masega

Yule fundi wa Isevya alichomoa waya wa betri,
akahesabu hadi mia, akaurudisha.
Taa ya njano ikazimika. Akalipwa elfu kumi.
"Imepona," alisema.
Haikupona, Mama Kasanda. Imesahau.

Mimi nilichomeka kebo chini ya usukani,
nikangoja maandishi yapande kwenye simu yangu yenye ufa:
sensa ya hewa, bado.
Masega, bado.
Mvuke wa tangi, bado.
Gari lako limezinduka kama mgonjwa wa malaria kali:
anaulizwa jina la mtaa wake,
anatazama dari.

Ijumaa wapimaji wa moshi wanakuja bohari ya asali,
na hawatauliza kama taa inawaka.
Watauliza: gari limejikagua?
Mdaiwa akichana daftari la dukani
hajalipa.

Basi Noah ililala kwangu, Cheyo, usiku kucha,
hakuna kugusa hata redio,
injini ipoe mpaka ilingane na baridi ya Juni,
ile ya Tabora inayolala ndani ya spana
ikakung'ata vidole kabla ya adhana.
Mafuta nusu tangi. Si pomoni.
Mama Kasanda alitaka kujaza, nikamshika mkono.

Saa kumi na moja na nusu. Swichi.
Dakika tatu tumekaa gizani, feni imezimwa,
yeye na chupa yake ya chai, mimi na saa,
kama watu wanaongoja maji ya ugali
na hakuna anayethubutu kufunua sufuria.

Kisha barabara ya Nzega.
Themanini.
Themanini.
"Mbona huongezi?"
Hairuhusiwi kuongeza.
Themanini.
Miombo inapita, mizinga imelazwa juu matawini,
na lori la tumbaku linatupita kwa dharau,
linatuachia moshi mweusi wa kutosha kata nzima.
Mama Kasanda alipandisha kioo, akasonya.

"Sasa naondoa mguu," nikasema. "Breki sigusi.
Liteleze lenyewe mpaka thelathini."
Likateleza. Sitini. Hamsini na tano.
Mbuzi wanne wakaingia barabarani.
Watatu walivuka. Wa nne akasimama,
akatutazama kama karani wa ushuru.
Nikagusa breki. Mbuzi ni mbuzi.
Tukaanza upya.

Mara ya tatu ndipo akazungumza.
"Yule wa Isevya alitaka kuyang'oa masega.
Eti yanabana pumzi ya gari,
eti hayana kazi, na yeye ana mnunuzi Mwanza."
"Ukamjibuje?"
"Nanunua asali mwaka wa kumi na tisa huu.
Mtu aniambie masega hayana kazi?"
Akafunga kizibo cha chai kwa nguvu,
kana kwamba fundi yumo ndani ya chupa.

Jua lilipopanda nikaegesha, nikachomeka kebo.
Sensa ya hewa, tayari.
Masega, tayari. (Akapiga kofi moja, kavu.)
Mvuke wa tangi, bado.

Nikashuka, nikazunguka ubavuni.
Mahali pa kifuniko cha mafuta
palikuwa na gunzi la hindi
lililoviringishwa mfuko wa nailoni, limekazwa vizuri,
kazi ya mtu mwenye subira.
"Nani huyu?"
"Mume wangu. Kifuniko kiliibwa Urambo.
Alisema ni kwa muda."
"Lini?"
"Mwaka juzi."
Nikalinusa. Petroli yake yote hiyo
ilikuwa ikienda zake angani, kidogo kidogo,
bila kelele, bila kuwasha taa yoyote.

"Tutafeli?"
"Kanuni inasamehe bado moja."
Alinyamaza. Akalichukua gunzi mkononi mwangu,
akaligeuza, akalifuta vumbi kwa upindo wa kitenge,
akalirudisha mahali pake mwenyewe,
akalikaza.

"Kifuniko kipya bei gani?"
Nikamtajia.
"Twende," akasema. "Ile ile themanini yako."