Mita Nne

Swansea. Chumba namba sita, utepe wa bluu sakafuni.
Nesi Bronwen kashika saa:
"Tembea kama unavyokwenda dukani."
Mama akanipa koti, akanipa mkoba,
akaenda.

Sekunde saba na ushei.

Nesi akaandika. Akauliza kuhusu kuanguka,
kuhusu ngazi, kuhusu chakula cha usiku.
Mama akacheka: "Mwambie polepole ndio mwendo."
Nikatafsiri. Nusu tu.

Sikusema kwamba tangu Machi
taa ya kijani mbele ya posta
humzimikia katikati ya barabara,
nami huwainulia madereva mkono;
wala kwamba miguu yangu ilipima kabla ya saa,
ikajifunza, bila kuniuliza,
kufupisha hatua.

Nje, mvua. Mama akanigeukia:
"Mbona siku hizi unajikokota?"