Kisima Namba Sita, Mafinga

Kamwene, namba sita.
Nimerudi na chupa zangu, glavu,
daftari lenye matope ya Aprili.
Kiwanda cha nguzo kilishafungwa,
misumeno imeuzwa chakavu.
Dawa ya nguzo haikusikia tangazo.

Mchanga tuliusafisha miaka miwili.
Mchanga hauna siri, ukivuta maji unatoa yote.
Vipimo vikaja safi, utepe ukakatwa,
pampu zikapakiwa kwenye Fuso.
Masika moja tu,
Mama Nyenza akanipigia: Njoo unuse chai yangu.

Ni mfinyanzi ule wa chini, mzito,
uliokunywa taratibu miaka thelathini.
Sasa unarudisha taratibu,
kama mdeni anayelipa shilingi
ili asiache kuja kwako.

Nikamchorea tabaka, mishale. Akatazama kwa adabu.
Kisha akaleta mtungi kutoka stoo.
Shemeji yake aliwahi kuutilia mafuta ya taa.
Waliusugua kwa majivu,
wakauanika wiki nzima,
na ulanzi bado ukanuka kandili.

"Ukaufanyaje?"
"Kila Jumamosi naujaza maji, Jumapili namwaga.
Mwaka wa tisa huu."
"Na ulanzi?"
"Nanywea plastiki."

Nimeingiza pua mtungini.
Kwa mbali, mbali sana, kandili.

Kwenye fomu kuna kisanduku:
Tarehe ya kukamilisha kazi.
Nimekiruka.
Nimefunga kufuli, nimefuta tope kwenye namba,
sasa naelekea kisima cha saba
na mvua hiyo inakuja.