Hodi Gotini

Salha, weka mkoba, nikukabidhi usiku wangu.
Kitanda cha tatu, Mkasi binti Shaame, wa Shumba Mjini,
mimba ya kwanza, mwezi wa tisa haujatimia.
Aliletwa saa sita kwa gari ya kubebea kokoto,
ulimi kaung'ata, macho yametazama juu,
na mkwewe, Bi Time, kakumbatia chupa ya kombe,
zafarani bado haijatua chini.

"Ni pepo," aliniambia. "Wa ukoo. Tunawajua."
Sikubishana naye. Nilimlaza mtu ubavu, nikapima presha:
mia na themanini, juu ya mia na ishirini.
Pepo huyu, bibi, na sisi tunamjua,
kwetu anaitwa kifafa cha mimba.
Kombe lisubiri mpaka aweze kumeza;
koo lililolala halipokei hata maji ya dua.

Nikafungua kabati. Unaijua ile magnesiamu:
maji matupu, hayana harufu, hayana fahari,
chumvi tu, ungedhani ya jikoni.
Nikasoma lebo kwa sauti, nikamwita Fumu wa maabara
asome na yeye,
maana jicho moja la usiku halitoshi ushahidi.
Nikaisukuma polepole, nikifuata saa ya ukutani,
si mkono wangu. Mkono una haraka zake.

Akatulia. Saa nane kasorobo akajifungua,
mwanamume, kilo mbili na robo,
analia kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

Lakini nataka nikwambie la saa kumi.

Kabla ya kila sindano, goti hubishwa hodi.
Nyundo ya mpira, chini kidogo ya pia.
Mguu ukiruka, mwenyewe yumo: ingia na dawa yako.
Nikabisha.
Kimya.
Nikabisha tena. Kimya, na mfuko wa mkojo
una unyevu tu, kama kikombe kilichosahauliwa.
Nikabisha ya tatu.
Nawe umelelewa Pemba, wajua adabu ya mlango:
hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni hurudi.

Sindano nilikuwa nimeshaivuta, kosa langu.
Bi Time akasema, "Mchome, mwanangu, mbona wakawia?
Si ndiyo ile ile iliyomponya?"
Ndiyo, bibi. Ile ile.
Nikaiweka chini.

Salha, sijabeba kitu kizito
kama sindano nisiyoichoma.

Kiganja kifuani, nikahesabu pumzi. Kumi na nne.
Kumi na tatu.
Nikavuta sinia, nikatoa kalsiamu,
ile tunayoilaza mkeka mmoja na mwenzake,
makali na mwenye kuyazima,
nikakishika kichupa mpaka kikapata joto langu.
Bi Time alisoma. Mie nilihesabu.
Sijui nani alitangulia kufika.

Adhana ya Alfajiri ilipofika katikati
nikabisha tena, goti la kushoto.
Likaruka. Kidogo sana,
kama mtu anayeitika kutoka uani
mikono imejaa unga.

Sasa anapumua kumi na nane, mkojo umeanza.
Kombe kanywa, vijiko vitatu,
na Bi Time akaniuliza kama na mie nataka.
Nilikunywa.

Dozi niliyoiruka nimeiandika kwa wino mwekundu.
Usiifidie. Na ya mbele usiitoe
kabla hujabisha, hujahesabu, hujatazama mfuko.
Kalsiamu haikufunguliwa, ipo pale pale;
wodi ya wanaume wakija kuiazima, wakatalie.
Magnesiamu zimebaki sita, mbili zinaisha muda mwezi ujao.
Barua ya bohari ya Chake iko mezani, tia saini.
Ni ya tatu hii. Ya kwanza kimya, ya pili kimya.

Lakini mlango ule, mwanangu, hauna adabu ya kurudi.
Wiki ijayo bisha ya nne.