Kanda ya Nne

Elinaike anasema ilikuwa usiku.
Aliyekuwa askari, kule Pasua, anakataa katakata:
saa kumi alasiri,
jua la kutosha mtu kumwona anayemlenga.
Faili la mkoa lina kurasa kumi na mbili;
ya saba haimo, pini imeacha kutu mahali pake.

Waliokufa? Watatu. Hapana, tisa.
"Andika utakavyo, mwanangu, si wewe mwenye kalamu?"

Nimerudi chumbani Kiboriloni, mvua inatwanga bati.
Narudisha kanda nyuma, nasikiliza tena.
Hakuna niliyemuuliza habari ya harufu,
lakini kila mmoja, akifika pale ghala liliposhika moto,
anashusha sauti:
kahawa ilinukia vizuri.
Moshi nzima ilinukia kama asubuhi ya sikukuu,
"na sisi, Mungu atusamehe,
tukaivuta harufu ile, ndani kabisa."

Kisha, "Zima," akasema Elinaike.
Nikazima.
Aliyoyasema baadaye sina pa kuyaweka.
Kanda inaishia hapo: mlio wa kitufe,
na nyuma yake jogoo wa jirani
akiwika saa nane mchana.