Ule wa Bwana

Ulikuwa darini, ndani ya gunia la sukari la Miwani,
kamba ya katani ikamomonyoka nilipoigusa.
Bibi alikatia majani ya ng'ombe nao. Naapa.
Babu Egesa aliuita ule wa bwana,
bwana gani, hakusema,
na kijijini watu walinong'ona: wizi.

Nikaupeleka Kisumu kwa Bhogal, fundi saa,
nyuma ya soko la Jubilee.
Akabana lenzi jichoni, akachovya pamba kwenye mafuta ya taa.
Kutu ikatoka polepole, nzito kama uji wa wimbi.
"Taji," akasema. "Chini yake, herufi za mfalme.
Hapa mizabibu, imechorwa kwa tindikali.
Mgongoni nambari: nne, moja, saba,
ya mwisho imeliwa.
Huu ni wa afisa, umefuliwa Ulaya. Wa saluti.
Hauna makali ya kuchinjia hata jogoo."

"Afisa yupi?"

"Iulize kutu."

Kisha akaugeuza, akautazama mpini, akanyamaza.
Akazima redio.
"Wao huvika mpini ngozi ya taa,
taa samaki, si haya mafuta,
wakazungushia waya wa fedha.
Huu umevikwa kenge.
Umeshonwa kwa kano za ng'ombe.
Na kikingio hiki ni shaba ya maganda ya risasi.
Nani alikunja shaba hivi, bila ufa?"

Chini ya kikingio, mikwaruzo mitatu
kama unyayo wa kunguru.
Sikuhitaji lenzi.
Alama hiyo iko kwenye jembe la bibi,
kwenye njuga alizochezea shangazi Nabwire,
kwenye wembe uliokata kitovu changu.
Mudibo, mhunzi wa Samia, baba yake Egesa.

Basi haukuibwa.
Uliletwa umevunjika mpini, vita vikiwa vimepamba moto,
ukatengenezwa,
ukasubiri.

Bhogal hakucheka. Ukutani kwake zinaning'inia saa arobaini
za watu waliosema narudi kesho.
Akachukua kadi, akalamba ncha ya kalamu ya risasi,
akaandika, akaifunga kwa uzi penye mpini:

Mudibo, Samia. Mpini mpya.
Kazi tayari. Haijalipwa.